Bwana Msa, Inspekta Wingo au Willy Gamba: tumsome nani mwezi wa upelelezi?

Riwaya ya upelelezi ina tabu moja ambayo riwaya nyingine hazina: ukishamjua aliyeua, nusu ya utamu imekwenda hata kama hujafungua ukurasa wa kwanza. Kwa mtu anayesoma peke yake kitandani hilo si neno. Kwa klabu ya vitabu ya Mombasa yenye watu kumi na wawili, iliyotenga mwezi mmoja kwa riwaya ya upelelezi, mmoja amemaliza tangu Jumatatu na mwingine bado anazunguka mjini kutafuta nakala, ni neno kubwa. Kwa hiyo kitabu cha mwezi huu hupimwa kwa kipimo chake: siri ikishafichuka, barazani patabaki maneno gani ya kusema? Kama hapatabaki kitu, kahawa itapoa watu wakitazama simu zao.

Vitabu vitatu ndivyo tunavyovilinganisha hapa, na vyote vilitoka kwanza kwa East African Literature Bureau, shirika la uchapishaji la Afrika Mashariki: *Mzimu wa Watu wa Kale* cha Muhammed Said Abdulla (1960), *Simu ya Kifo* cha Faraji Katalambulla (1965) na *Kufa na Kupona* cha Elvis Musiba (1974). Ni miaka kumi na minne tu kati ya cha kwanza na cha mwisho, lakini wapelelezi wao hawafanani hata kidogo. Bwana Msa ni raia wa Unguja, hana cheo wala bunduki. Ana kiko chake na akili yake. Wingo ni inspekta wa polisi, ana sheria nyuma yake. Willy Gamba ni jasusi, ana serikali nzima nyuma yake, na mara nyingi ana bastola mbele. Ukiishika tofauti hiyo, umeshajua nusu ya yatakayotokea kikaoni.

Kwa Bwana Msa, msomaji huuliza: nani kafanya, na kwa nini? Kwa Wingo swali huanza kuhamia kwenye kukamata: ushahidi utapatikana vipi, na upesi kiasi gani? Kwa Willy Gamba swali kubwa limo kwenye jina la kitabu: atakufa au atapona? Maswali hayo matatu yanataka vikao vya aina tatu, na makosa mengi ya klabu hutokana na kumwendesha Willy kama Bwana Msa, au Bwana Msa kama Willy.

Mzimu wa Watu wa Kale

Tuanze na mzee wao. Hadithi hii ilishinda nafasi ya kwanza katika shindano la uandishi la Literature Bureau la 1957–58, na ndiyo iliyomleta Bwana Msa duniani. Mwandishi alikuwa mtu wa magazeti. Kwa miaka mingi alihariri jarida la *Mkulima* huko Zanzibar, na mkono wa mhariri unaonekana: sentensi zake zimelainishwa, methali zimepangwa mahali pake, na mazungumzo yana ule ucheshi wa watu waliokaa barazani tangu alasiri. Tukio lenyewe halina maficho: Bwana Ali anakutwa maiti mzimuni, mahali ambapo watu wa hapo wanapaheshimu na kupaogopa. Wengi wako tayari kusema ni kazi ya mzimu. Bwana Msa, na rafiki yake Najum ubavuni, hasemi hivyo.

Hapa ndipo msomaji wa Mombasa anapompita msomaji wa mji mwingine wowote. Mtu wa Nairobi itabidi aelezwe mzimu ni nini. Mtu wa hapa anaujua mnara wa Mbaraki, anajua kwamba watu walipeleka pale ubani na maji ya mawaridi, na kama ana jamaa Kilifi au Kwale amesikia habari za koma, yaani roho za wahenga, na za kaya, misitu mitakatifu ya Wamijikenda ambako mti haukatwi ovyo. Kitabu kimeandikiwa masikio yake. Hofu iliyomo si pambo la mandhari; ndiyo inayowazuia watu kuuliza maswali, na maswali yasiyoulizwa ndiyo yanayomlinda muuaji.

Hatari yake ni hiyo hiyo. Mara mjadala ukigusa mizimu, kikao cha Mombasa kinaweza kugeuka darsa: mmoja anatoa hadithi ya shangazi yake, mwingine anatoa aya, wa tatu anasema wote wamekosea, na kitabu kimebaki chini ya kiti. Mwongozaji awe na swali moja la kuwarudisha: *hofu ya mzimu inamfaa nani katika hadithi hii?* Swali hilo lina majibu zaidi ya moja ndani ya kitabu, na halimlazimu mtu yeyote kusema anaamini nini.

Kuhusu lugha, wenyeji wasihofu. Ni Kiunguja, na tofauti yake na Kimvita, lahaja ya Mombasa, ni ya kuchekesha zaidi kuliko ya kutatiza: aliyezoea *nti* na *ndia* atasoma nchi na njia bila kukwaa. Tabu itawapata wanachama waliojifunza Kiswahili shuleni bara. Wao hukwama kwenye misemo, si kwenye msamiati, kwa sababu misemo haimo kwenye kamusi ndogo wanazobeba. Dawa ni kusoma kwa sauti. Kurasa tano za kwanza zikisomwa na mtu wa Mji wa Kale mwenye ulimi mzuri, wengine hushika mdundo na hawaachi tena. Kwa sauti, ukurasa wa maneno mia tatu hivi hutaka dakika mbili na nusu hadi tatu, kwa hiyo kurasa tano ni robo saa. Ni robo saa yenye faida.

Sasa kasoro, kwa sababu zipo. Abdulla hana haraka. Kuna mahali mazungumzo yanazunguka hadi msomaji aliyezoea filamu anauliza kama maiti imesahauliwa. Pia katika riwaya za Bwana Msa siri za nasaba, nani ni nani kwa nani, zina uzito mkubwa, na sadfa hutumika kuliko ambavyo msomaji mkali angekubali. Atakuwepo mwanachama atakayelalamika mwishoni kwamba hakupewa nafasi ya haki ya kufumbua mwenyewe. Lalamiko hilo ni dhahabu, msilizime. Mwambieni arudi nyuma atafute: dalili ilikuwapo akaipita, au kweli haikuwapo? Kikao kizima kinaweza kukaa hapo.

Ushauri mmoja wa kazi: chora mti wa watu. Karatasi kubwa ukutani, jina la kila mhusika anapotokea, na mstari wa udugu, ndoa au deni. Lakini achore mtu ambaye hajakisoma. Anayekijua kitabu huacha nafasi mahali fulani bila kukusudia, na watu wa Mombasa wana macho: wataiona nafasi ile na siri itakuwa imevuja kabla ya wiki ya pili.

Simu ya Kifo

Katalambulla alikitoa mwaka mmoja baada ya Tanganyika na Zanzibar kuungana, na mandhari imehama: sasa tuko Dar es Salaam, mjini, kwenye ofisi na magari, na kwenye hiyo simu iliyobeba jina la kitabu. Hakuna kiko. Inspekta Wingo anafanya kazi kwa mwendo wa polisi, na mwandishi anaandika kwa mwendo huo huo: sentensi fupi, mambo yanasogea.

Hiki ndicho kitabu cha klabu yenye watu waliochoka. Mwenye kutoka bandarini saa kumi na mbili, au anayevuka Likoni asubuhi na jioni, anaweza kusoma vipande vifupi kivukoni bila kupoteza uzi. Anayeanza kusoma riwaya kwa Kiswahili baada ya miaka mingi ya kusoma Kiingereza tupu pia atakipenda, kwa sababu hakimhitaji kuvumilia.

Lakini tuseme kweli: kinamalizika upesi na maneno yake humalizika upesi pia. Klabu ikikutana mara nne kwa mwezi, kikao cha tatu kitakuwa kimekauka. Kichagueni kwa mwezi wenye vikao viwili tu. Ramadhani inafaa sana, watu wakikutana baada ya tarawehe na akili hazitaki mzigo. Na mkitaka kukiongezea uhai, kisomeni kama ushahidi wa mji wa wakati wake: mwaka 1965, simu nyumbani ilikuwa kitu cha nani? Nani angeweza kupiga, nani angepokea, na asiye na simu alipelekewaje habari ya msiba? Wanachama wazee wana majibu ya maswali hayo, na vijana hawana. Ni nadra kupata kitabu kinachowapa wazee nafasi ya kwanza ya kusema bila mtu kuwaombea.

Kufa na Kupona

Musiba anamtuma Willy Gamba Nairobi kufuata siri za wapigania uhuru wa kusini mwa Afrika zilizoibwa. Ili kitabu kipate uzito wake, msomaji wa leo lazima aelezwe mambo mawili kabla ya ukurasa wa kwanza. Moja: tangu 1963 Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika ilikuwa na makao yake Dar es Salaam, kwa hiyo mji ule ulikuwa na wapiganaji na wapelelezi wa kweli. Pili: kitabu kilipotoka 1974, Msumbiji na Angola zilikuwa bado hazijapata uhuru, zote mbili ziliupata 1975. Aliyekinunua wakati ule hakuwa akisoma historia. Alikuwa akisoma habari za jirani.

Maelezo hayo yasizidi dakika kumi. Mwongozaji anayependa siasa atataka nusu saa, na hapo ndipo vijana wanapotoka nje kununua viazi karai.

Wengi humfananisha Willy na James Bond, na ufanano upo: mavazi, hoteli, pombe, wanawake, risasi. Klabu zilizo na wasichana wa shule au wazee wenye heshima zao zitambue hilo mapema. Si kitabu kichafu, ila si kitabu cha kusomeana kwa sauti mbele ya mama mkwe. Namna wanawake wanavyochorwa ni mada nzito ya kikao, na ni bora iongozwe na mwanamke. Ikiongozwa na mwanamume mara nyingi huishia kuwa utetezi wa mwandishi.

Kuna jambo lingine linalokipa nguvu kwa klabu ya Kenya. Shujaa ni Mtanzania, uwanja wa mapambano ni Nairobi. Miaka ile nchi hizi mbili zilikuwa zikitazamana kwa jicho la kando, Tanzania ikifuata ujamaa wa Azimio la Arusha la 1967, Kenya ikifuata njia ya biashara huria. Ulizeni: Nairobi ya Musiba inanukia nini? Anaisifu, anaionea wivu, au anaihukumu? Watu wa Pwani, ambao wana yao ya kusema kuhusu Nairobi, hawatanyamaza.

Kinachokosekana ni lile fumbo la kutafuta mkosaji mmoja kati ya watu waliokaa chumba kimoja. Mchezo wa kukisia, ambao ndio raha ya mwezi wa upelelezi, hapa hauna nafasi kubwa. Msiulazimishe.

Uamuzi wetu, na lini uvunjwe

Klabu inayofanya mwezi wa upelelezi kwa mara ya kwanza ianze na *Mzimu wa Watu wa Kale*. Kina fumbo, kina lugha, na kina jambo ambalo mji huu una neno la kusema juu yake. Kama zaidi ya theluthi ya wanachama wameshakisoma, na Pwani hilo si ajabu, nendeni kwa ndugu yake *Kisima cha Giningi* (1968), mpelelezi yule yule. Giningi ni ile nchi ya wachawi ambayo kila mtoto wa pwani ametishwa nayo, kwa hiyo mjadala hautakosa kuni. Willy Gamba mwiteni pale klabu ina wanachama wengi wa bara, au pale vikao vya karibuni vimekuwa vya upole mno na mnataka ubishi. Joram Kiango, mpelelezi wa riwaya za Ben Mtobwa, tumemwacha nje kwa makusudi. Anastahili mwezi wake mwenyewe.

Kuugawa mwezi

Msigawe kwa kurasa. Vitabu hivi vimechapwa zaidi ya mara moja, na ukurasa wa 40 wa nakala ya baba si ukurasa wa 40 wa nakala mpya. Mwanachama mmoja akisoma "hadi 60" anaweza kuwa amepita tukio ambalo mwenzake hajalifikia, na akalitaja bila nia mbaya. Gaweni kwa sura, na mwandike maneno matatu au manne ya mwisho ya sehemu ya wiki, kila mtu aweke alama ya penseli.

Kwa Bwana Msa tumieni vikao vinne. Cha kwanza kiishie muda mfupi baada ya maiti kuonekana. Cha pili na cha tatu vigawane katikati, na cha tatu kisimame kabla ya Bwana Msa kuanza kueleza alichokigundua. Hapo kila mmoja aandike kwenye kipande cha karatasi jina la anayemshuku na sababu moja, akunje, atie kwenye kopo. Sababu ni muhimu kuliko jina. Bila sababu, mtu aliyekwisha chungulia mwisho hushinda na kujisifu. Kwa sababu, hujulikana, maana hutaja jambo ambalo kundi halijalisoma. Kikao cha nne someni mwisho kwa sauti, kisha fungueni kopo.

Kwa Wingo vikao viwili, mkato katikati. Kwa Willy vitatu, na badala ya kopo, kila mtu aje na sehemu moja ambayo angeikata kama angekuwa mhariri. Riwaya za mbio huonyesha mifupa yake kwa namna hiyo.

Saa ya kikao iwekwe kwa kuwafikiria wanaovuka maji. Kikao cha kisiwani kinachoanza baada ya magharibi na kumalizika saa mbili na nusu usiku huwaacha watu wa Likoni wakiwa bado na subira. Kikiisha saa nne, wiki ijayo hawatakuja, na hawatasema kwa nini.

Nakala

Hili ndilo linaloua vitabu vya mwezi kuliko uchaguzi mbaya. Hesabuni nakala kabla ya kutangaza, si baada. Kwa watu kumi na wawili, nakala nne zinatosha kwa shida: watu watatu kwa kitabu, kila mmoja siku mbili, na siku ya saba ni ya kikao. Zikiwa tatu mpango hauendi, maana watu wanne kwa siku mbili mbili ni siku nane, na wiki ina saba.

Ulizeni maktaba ya kitaifa ya Tononoka, kisha wauza vitabu vya mkono wa pili, kisha makabati ya wazazi. Mnapotafuta, tajeni majina mawili ya mchapishaji: baada ya Jumuiya ya Afrika Mashariki kuvunjika 1977, kazi za East African Literature Bureau upande wa Kenya zilirithiwa na Kenya Literature Bureau, kwa hiyo kitabu kile kile kinaweza kuwa na jina moja au jingine mgongoni. Kwa nakala za zamani hesabuni kurasa za mwisho kabla ya kulipa. Jalada likichakaa si neno. Riwaya ya upelelezi isiyo na kurasa kumi za mwisho ni karatasi ya kufungia bajia.

Kupiga fotokopi kitabu kizima hakufai. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001 hulinda kazi ya fasihi kwa maisha ya mwandishi na miaka 50 baada yake. Abdulla alifariki 1991, basi kazi zake zimelindwa hadi mwisho wa 2041.

Tangazo lenyewe

Tangazo la kitabu cha upelelezi liwe na maneno yasiyozidi mia moja na lisiguse chochote kilichopita sehemu ya kwanza ya kusoma. Asilitunge mtu aliyemaliza kitabu jana. Bado amejaa, na atatupa neno kama "msimwamini fulani". Sifa kama "mwisho utakushangaza" pia ziachwe, kwa sababu msomaji aliyeonywa hukaa akiungoja mshangao na hauoni tena. Wekeni tukio, mahali, mpelelezi, na swali moja. Kwa chaguo letu, mnaweza kulichukua hili kama lilivyo na kujaza nafasi:

*Mwezi huu tunasoma* Mzimu wa Watu wa Kale *cha Muhammed Said Abdulla. Bwana Ali amekutwa maiti mzimuni. Wapo wanaosema mizimu imekasirika. Bwana Msa anawasha kiko na kuuliza mengine. Njoo na penseli, na uje umesoma hadi maneno haya: "........". Aliyekisoma zamani anakaribishwa, kwa sharti la kula mahamri na kunyamaza hadi kopo lifunguliwe. Nakala zipo nne. Ya kwako utaipata kwa........, na uirudishe siku ya pili kabla ya Isha.*